Kidole, Sanduku la Chai na Ubao

Kugo, babu yangu, alikuwa na mkebe mdogo wa bati uliokwisha rangi, na ndani yake karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo ikageuka mitobo. Tuliruhusiwa kuiona mara chache, tena baada ya kunawa mikono. Palikuwa na jina lake, kabila lake, tarehe za kuandikwa kazi na kuachishwa, na weusi wa kidole uliokuwa umefifia ukawa rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili. Hicho ndicho kilichokuwa kipande chake. Alikivaa shingoni kwa mnyororo alipokwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akiwa kijana asiyejua kusoma.

Alipenda kutusimulia siku ya kuandikishwa. Karani aliushika mkono wake kama mtu anayeshika chombo, akakiviringisha kidole kwenye wino, akakiviringisha tena kwenye karatasi, akakitupa. "Hakunitazama uso," Kugo alikuwa akisema. "Alitazama kidole." Kisha alikuwa akikinyoosha kidole chenyewe mbele yetu, kana kwamba wino bado upo.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kufuatilia historia ya chapa kama sanaa, ile ya kuchonga ubao, kuupaka wino na kuubandika kwenye karatasi, niligundua kwamba lazima nianzie kwenye mkebe ule. Ile ndiyo chapa ya kwanza iliyopigwa katika ukoo wetu, na hatukuipiga sisi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho.

Neno lenyewe, chapa, lilitujia kutoka Bara Hindi, na kwetu limebeba mizigo mingi. Tunachapa gazeti, tunachapa kazi, mwalimu alituchapa, ng'ombe hupigwa chapa ya moto, na bidhaa dukani ina chapa yake. Katika maana zote hizo kuna anayepiga na kuna anayepigwa. Ukitaka kuijua historia ya sanaa hii katika Afrika ya Mashariki, uliza swali moja tu kila unapofika: ubao umeshikwa na nani?

Pwani ulishikwa mapema, na mikono ya kupendeza. Karne ya 19, kitambaa cha merikani kilichoshushwa Unguja na Mombasa kilikuwa cheupe na kigumu, na mafundi walikitia madoa, maua na mipaka kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Hapo ndipo ilipozaliwa leso, au kanga kama wanavyoiita wenzetu wa Unguja. Baadaye kazi ilihamia viwandani ng'ambo, vibao vikaachwa, lakini mpangilio ulibaki: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini yake. Wafanyabiashara kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, walizifikisha leso hizo hadi bara. Mama yangu, aliyezaliwa Bomet na asiyewahi kuiona bahari, alifungwa leso siku ya harusi yake. Kazi ya chapa ilikuwa tayari imetufikia mwilini kabla hatujaifikiria kama picha ya ukutani.

Bara, ubao ulishikwa kwanza kwa ajili ya herufi. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, alichonga mwenyewe herufi za mbao ili achape karatasi za kusomea. Huko Unguja, Edward Steere na wamisionari wenzake walikuwa na mtambo wao, na Sultani Barghash naye akaweka wake wa herufi za Kiarabu ili kuchapa vitabu vya Kiibadhi. Yote hayo yalikuwa maandishi. Picha ilisubiri.

Kericho ilisubiri zaidi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai hapa kwa wingi, katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wakiifahamu kwa majina ya vilima na mito, si kwa namba za viwanja. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wetu wa kiroho, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbu. Waliobaki waliingia mashambani na vipande vyao shingoni. Historia hii siwezi kuiruka ili nifike haraka kwenye sanaa. Wino uliotumika kwenye vidole hivyo ndio uliotangulia.

Lakini kulikuwa na wino mwingine Kericho, na huu niliupenda tangu utotoni. Chai ilikuwa ikisafirishwa katika masanduku ya plaiwudi yaliyotiwa karatasi ya fedha ndani na vibanzi vya bati kwenye kingo. Kila sanduku lilipigwa chapa kwa bati lililotobolewa: jina la shamba, daraja la chai, namba ya shehena, uzito wa jumla na uzito wa chai yenyewe. BP1, PF1, PD, D1. Mtu aliyeshika brashi yenye wino mweusi alilaza bati juu ya ubao, akapiga, akainua, akasogea sanduku lingine. Masanduku hayo yalikwenda kwenye mnada, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, na kutoka hapo hadi Karachi, London na Cairo.

Yaliyovunjika yalibaki. Nyumbani kwetu sanduku moja la chai lilikuwa kabati la nguo, na nimelala miaka yangu yote ya utoto nikilitazama. Nilizijua herufi zake kabla sijajua kusoma. Herufi O haikuwa mviringo kamili. Ilikuwa na nyufa mbili, juu na chini, kwa sababu bila vidaraja hivyo tumbo la herufi lingedondoka bati linapotobolewa. D ilikuwa hivyohivyo. Mahali fulani wino ulikuwa umepenya chini ya bati na kufanya ukungu pembeni. Hakuna aliyeiita sanaa, na aliyekuwa akiipiga hakutia sahihi. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba chapa bora zaidi zilizopigwa Kericho katika karne ya 20 zilipigwa kwenye ghala za viwanda vya chai, na nyingi zilichomwa kuni.

Shuleni tulijifunza nusu ya somo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Sanaa na Ufundi likawa somo la mtihani, nasi watoto wa mashambani tukaambiwa tuje na viazi. Tulikata kiazi katikati, tukachonga nyota au jani kwa wembe, tukachovya kwenye rangi, tukapiga mistari na mistari kwenye karatasi ya manila. Nilichonga jina langu na likatoka limegeuka. Mwalimu alinieleza kwamba ubao husema kinyume. Ukitaka karatasi isome vizuri, chonga vibaya. Sijasahau. Baada ya mwaka 2000 masomo ya mtihani yalipopunguzwa, Sanaa na Ufundi likawekwa kando, na kwa shule nyingi za vijijini kiazi kikarudi jikoni.

Vyuoni, picha ya chapa ilikuwa imeanza safari yake kabla ya hapo. Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, na chuo hicho ndicho kilichowalea wengi wa wachoraji wa mwanzo wa nchi zetu tatu. Theresa Musoke alitoka hapo akaenda kusomea uchapaji wa picha katika Royal College of Art, London. Utawala wa Idi Amin ulipomfukuza kwao, alikuja Kenya, akaishi na kufundisha kwa miaka mingi. Nairobi, Ezekiel Mphahlele, mwandishi aliyekimbia ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliongoza kituo cha Chemchemi kuanzia mwaka 1963. Huko kijana wa Nyanza, Hezbon Owiti, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza kituo, alianza kuchonga lino: watu na wanyama wenye macho makubwa na mistari minene isiyo na aibu. Hakusomea popote. Picha zake zikamfikisha Nigeria. Dar es Salaam, miaka ya 1970, Nyumba ya Sanaa iliwapa vijana sahani za metali na asidi, na George Lilanga, ambaye dunia inamjua kwa vinyago na rangi kali, alichapa mashetani wake huko kwa wino mweusi.

Nimezipita hatua hizi haraka kwa sababu zilipitwa haraka. Kila kituo kilikuwa kisima cha peke yake. Aliyechonga Kampala hakujua anayechonga Dar, na wote wawili hawakujua kwamba mbali sana, katika nchi ndogo iliyotawaliwa na jirani yake na kisha kukatwa katikati kwa vita, watu walikuwa wakishika patasi ileile wakiwa na swali lilelile.

Nchi hiyo ni Korea. Nakwenda huko kwa sababu hakuna mahali pengine nilipoona kwa uwazi ubao ukihama kutoka mkono wa mwenye enzi hadi mkono wa mnyonge.

Wakorea wamechapa tangu zamani za kale. Mwaka 1966 mafundi waliokuwa wakikarabati mnara wa mawe katika hekalu la Bulguksa walikuta ndani yake andiko la Kibudha lililochapwa kwa ubao, la karne ya 8. Katika hekalu la Haeinsa zipo hadi leo mbao zaidi ya 81,000 zilizochongwa karne ya 13, wakati jeshi la Wamongolia lilipokuwa likiiteketeza nchi. Mfalme na watu wake walichonga maandiko yote matakatifu ili kuomba msaada. Kila ubao una maandishi pande zote mbili, yote kinyume. Mwaka 1377 wakachapa kitabu cha Jikji kwa herufi za metali, zaidi ya miaka 70 kabla ya Biblia ya Gutenberg. Kitabu hicho leo kiko Paris.

Chapa hizo zilikuwa za hekalu na za dola. Uchapaji wa picha kama sanaa ya msanii mmoja ulipata chama chake Korea mwaka 1958, miaka mitano tu baada ya vita kusimama, na mwaka 1970 Seoul ikafanya maonyesho ya kimataifa ya chapa. Wasanii wa wakati huo walichapa maumbo matupu, rangi na umbile, kama wenzao wa Paris na Tokyo. Kazi hizo ni nzuri. Lakini nchi ilikuwa chini ya wanajeshi, na kulikuwa na vijana walioona kwamba picha isiyomtaja mtu aliyefungwa imechagua upande.

Mmoja wao alikuwa Oh Yun, aliyezaliwa mwaka 1946. Alichonga wachezaji wa ngoma za kijijini, akina mama waliobeba watoto, wafanyakazi wenye mashavu yaliyobonyea. Mistari yake ni mipana na imekatwa kwa nguvu, na weupe wake unaruka. Picha zake nyingi zilitoka kwenye majalada ya vitabu kuliko kwenye kuta za majumba ya sanaa, na alitaka hivyo. Maonyesho yake binafsi yalifanyika mwaka 1986. Mwaka huohuo akafariki, akiwa na miaka 40.

Mwezi Mei 1980, mji wa Gwangju ulisimama dhidi ya utawala wa kijeshi, na wanajeshi wakaua raia mabarabarani. Hong Sung-dam, kijana wa miaka 25, alikuwa ndani ya mji. Magazeti yalinyamazishwa. Baadaye alichukua patasi, na kwa miaka kadhaa akachonga alichokiona: mama anayewapikia wapiganaji wali, watu waliopanda lori, maiti, mishumaa. Chapa hizo zilipita mkono kwa mkono. Hazikuhitaji mtambo wala umeme wala kibali. Ubao, wino na mgongo wa kijiko vilitosha. Yeye na wenzake waliwafundisha watu wa kawaida kuchonga, madereva, wafanyakazi wa viwanda, wanafunzi, ili kila mtu apige chapa ya maisha yake. Mwaka 1989 alikamatwa, akafungwa.

Kusini mwa Gwangju, mwendo mfupi wa gari, kuna Boseong, nchi ya chai ya Korea. Nimeona picha zake: matuta ya kijani yaliyopinda na kilima, ukungu wa asubuhi, akina mama wenye vikapu. Ukinionyesha picha hiyo bila maelezo nitakuambia ni Kapkatet, hapa kwetu Kericho. Na Lee Chul-soo, mwingine wa kizazi hicho cha wachongaji, alihamia mashambani Jecheon, akawa mkulima, na amekuwa akichonga mpunga, jembe, mvua na maneno machache kando yake. Hilo ndilo lililonishika kuliko yote. Mtu anayepalilia asubuhi na kuchonga jioni, na wino wa kazi zote mbili ukiwa chini ya kucha zilezile.

Sasa turudi nyumbani, miaka ileile ya 1980. Kenya nayo ilikuwa na karatasi za siri. Mwaka 1982 gazeti la Pambana lilitolewa kwa kificho; mwaka 1986 watu walikamatwa na kuteswa kwa kushukiwa kuwa wa kundi la siri la Mwakenya. Karatasi hizo zilipigwa taipu kwenye stensili na kuzungushwa kwa mashine ya mkono. Zilikuwa maneno tu, bila picha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukuchonga. Tulikuwa na mbao. Tulikuwa na mafundi. Masanduku ya chai yalikuwa yakitupwa Kericho kwa mamia, plaiwudi laini inayokubali kisu. Jibu langu ni kwamba tulifundishwa kuheshimu herufi na kuiona picha kama mapambo, na chapa tulikuwa tumeijua kama kitu cha ofisi: muhuri, kipande, hati. Mkono uliopigwa chapa muda mrefu huchelewa kujua kwamba nao unaweza kupiga.

Ulichelewa, lakini ulifika. Kuona Trust ilianzishwa Nairobi mwaka 1995, na katika karakana zake vijana wasio na karo ya chuo waligundua kwamba ubao ni rahisi kuliko turubai. Peterson Kamwathi, aliyezaliwa mwaka 1980, alichonga mafahali wazito, wenye vichwa vilivyoinama, na kila Mkenya aliyewatazama alijua kwamba si ng'ombe tu wanaozungumziwa. Dennis Muraguri akachonga matatu: taa, maandishi, makanga wanaoning'inia mlangoni, rangi juu ya rangi. Thom Ogonga akachonga usiku wa mjini. Kampala, Fred Mutebi akatumia ubao mmoja kwa rangi zote: anachonga kidogo, anachapa rangi nyepesi katika karatasi zote, anachonga zaidi, anachapa nzito, hadi mwisho ubao umebaki mifupa. Hawezi kurudi nyuma. Idadi aliyochapa siku ya kwanza ndiyo idadi ya milele.

Niliwahi kukaa siku nzima katika karakana moja nikitazama kazi ikifanyika. Plaiwudi ililazwa juu ya gunia ili isiteleze. Mchongaji alikuwa ameipaka wino mwepesi wa bluu kwanza, ili kila alipokata paonekane peupe. Patasi yenye umbo la V ilikwenda mbele, mkono wa kushoto ukiwa nyuma yake daima, kwa maana anayesahau huchapa kwa damu. Plaiwudi ina tabaka. Ukikata kufuata nyuzi inakubali, ukizikata kwa upana inabanduka vipande, na vipande hivyo hutoka kwenye picha kama mvua. Hakuvilaumu, aliviacha. Kisha wino ulisambazwa juu ya kioo kwa rola hadi ukatoa sauti. Wanaojua husikiliza: wino mzito mno hunata na kulia kwa nguvu, mwembamba hunyamaza, ulio sawa hutoa mlio kama mafuta yanayokaanga taratibu mbali. Rola ikapita ubaoni, karatasi ikalazwa, na mgongo wa mwiko wa mbao ukaanza kusugua, duara kwa duara, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kona moja ikainuliwa, ikachunguliwa, ikarudishwa. Mwishowe karatasi ikabanduliwa yote kwa sauti ya kitu kinachoachana na kitu, na upande wa kushoto ulikuwa kulia.

Nilirudi Kericho na patasi tatu ndani ya begi.

Masanduku ya plaiwudi hayapo tena. Chai siku hizi husafiri katika magunia ya karatasi, nayo yamepigwa jina la kiwanda na daraja lake. Plaiwudi ya dukani ni ghali kwa mtoto. Lakini mtaala mpya umerudisha sanaa darasani, na Jumamosi mimi huenda shule moja ya msingi upande wa Bomet kusaidia. Tunachonga soli za patapata zilizokatika. Raba yake inakubali wembe kama jibini, haina nyuzi za kugombana nazo, na hakuna kijiji kisichokuwa nazo nyuma ya nyumba.

Msichana wa darasa la sita alichonga majani mawili na chipukizi. Bibi yake ni mchumaji wa chai, na yeye mwenyewe amechuma kila likizo, kwa hiyo hakuhitaji mfano. Chipukizi lake lilikuwa limejikunja kidogo kando, jinsi lilivyo hasa asubuhi kabla ya jua. Alipiga nakala sita. Katika ya nne kidole chake kilichokuwa na wino kiligusa karatasi pembeni, kikaacha mistari yote ya ngozi, wazi kabisa. Nilimletea karatasi nyingine. Akakataa, akasema hiyo ni yake vilevile.

Nilimwonyesha jinsi ya kuandika namba kwa penseli chini ya picha, na sahihi upande wa pili. Aliandika taratibu, ulimi ukiwa nje. Ya 1/6 alimpelekea bibi yake, na Jumamosi iliyofuata aliniambia imebandikwa juu ya meza kwa ugali. Mimi nilimwomba anipe ya 4/6. Nimeiweka pamoja na mkebe wa Kugo.